Kanali, Ndugu Yangu wa Kunyonya

9 Agosti 1802, Jumatatu

Daftari hili lilikuwa la kombania. Kurasa za mwanzo nimezichana, maana zilikuwa orodha ya wagonjwa wa Misri, na wengi wao hawahitaji tena kuorodheshwa. Zilizobaki ni tupu. Nimeandika kila siku kwa miaka minane na mkono unaniwasha nisipoandika.

Mimi ni Dughall MacOrran, sajini, mzaliwa wa bonde la Fiaran. Jicho la kushoto nimeliacha Misri. Tulitoka bondeni vijana sitini na watatu. Tumerudi ishirini na tisa. Mama amesema nimezeeka. Nikamwambia hata yeye. Akanichapa kwa mwiko.

Shayiri bado mbichi.

12 Agosti

Mvua.

13 Agosti

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda changu. Jeshini nililala kwenye tope miaka minane sikulalamika; leo nimelalamika.

15 Agosti, Jumapili

Baada ya ibada Oighrig alinishika mkono nje ya kanisa. Ni mjane, na Ailean alikuwa mwanawe wa pekee.

"Dughall, mwanangu alikufaje?"

"Upesi, mama. Hakuumia."

"Aliniita?"

Nikasema ndiyo. Ailean alikufa mashua ikiwa bado haijagusa mchanga wa Misri. Hakupata muda wa kumwita yeyote, wala hakubaki na kinywa cha kuitia.

Aliyemchukua Ailean ni mimi. Niandike hilo hapa, kwa wino. Mwaka ule wa kuandikishwa jeshini mkuu wa ukoo wetu, Eachann, alisimama juu ya jiwe nje ya kanisa hilihili, mimi pembeni yake, akasema: "Nyumba itakayonipa mwana, ardhi yake haitaguswa maadamu moshi unatoka kwenye paa lake." Watu wakashangilia. Waliosita nikawafuata mlango kwa mlango. Oighrig aliniambia, "Nina huyu mmoja tu." Nami nikamjibu, "Ndiyo maana umtoe, mama. Ukimtoa huyu, hakuna atakayekutoa wewe hapa."

Nilikuwa na ulimi mzuri siku zile.

21 Agosti

Eachann amekuja! Hajafika bondeni tangu tuliporudi; alikuwa London kwa wakubwa wa jeshi. Mama ndiye aliyemnyonyesha, kwa sababu aliyemzaa alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua. Tulinyonya kifua kimoja, yeye titi la kulia mimi la kushoto, na akakaa kwetu hadi alipotimiza miaka saba. Hadharani ni Kanali. Nyumbani ni Eachann.

Aliinama mlangoni kama zamani, akaketi chini karibu na moto, bila kujali nguo zake za kifahari.

"Umekonda," Mama akasema.

"Nimekuwa Kanali, Mama. Makanali hawali, wanatoa amri tu."

"Basi hapa ndimi ninayetoa amri. Kula."

Akala mikate minne ya shayiri na malai ya maziwa, akalamba kidole. Mama alikuwa akimtazama kama mtu atazamaye moto wake mwenyewe.

Amefuatana na mgeni kutoka kusini, Bwana Laidlaw, mwenye mbwa wawili. Mgeni hakuingia ndani. Alibaki nje akiutazama mlima.

24 Agosti

Laidlaw anapanda vilima kila siku na fimbo yake. Leo ameniuliza theluji huyeyukia wapi kwanza, na wapi mwisho. Nikamweleza. Murchadh, aliyekuwa mpiga ngoma wetu kabla risasi haijamchukua sikio, akaninong'oneza, "Mtu wa ng'ombe haulizi hivyo."

"Ni mtu wa nini, basi?"

"Waulize mbwa wake. Nimewaona wakiwazunguka kuku wa mke wangu. Waliwakusanya wote pembeni bila kumng'ata hata mmoja."

Tukacheka. Mimi nilicheka zaidi.

30 Agosti

Jua. Shayiri inaanza kugeuka rangi.

4 Septemba

Tumeanza kuvuna. Saa nne asubuhi nikaitwa nyumba kubwa ya Eachann nikiwa bado na mundu mkononi.

Eachann alikuwa peke yake. "Keti, Dughall."

"Nitasimama, Kanali."

"Keti, bwana. Hapa si gwaride."

Nikaketi.

"Bonde nimemkodisha Laidlaw kwa ajili ya kondoo. Kuanzia Mei."

Nikadhani anazungumzia malisho ya juu, ambako ng'ombe hukaa wakati wa kiangazi. Nikamwuliza.

"Lote," akasema. "Kuanzia darajani hadi chanzo cha mto."

"Na watu?"

"Nimewatengea viwanja pwani. Watavua samaki."

"Oighrig hajapanda mashua tangu azaliwe."

"Atajifunza. Hata sisi hatukuzaliwa tukijua bunduki."

"Eachann, ulisimama juu ya jiwe ukasema—"

"Najua nilichosema!" Akageukia dirisha. "Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilihitaji watu mia tano ili niitwe kanali, na ningesema lolote. Ndivyo ilivyokuwa. Unataka nikudanganye?"

Ndiyo, nilitaka anidanganye. Angesema amelazimishwa, angesema kuna jambo nisilolijua, ningeenda nyumbani na hasira niliyoizoea. Lakini aliniambia ukweli kwa sauti ileile ya kuomba chumvi.

"Basi nenda ukawaambie hivyo hivyo," nikasema.

"Ndiyo sababu nimekuita. Mimi watanipigia kelele. Wewe watakuamini. Pita mlango kwa mlango, kama ulivyopita mara ile."

Kama ulivyopita mara ile! Mundu ulikuwa mapajani mwangu. Nikauweka sakafuni.

Akaendelea. Nitakuwa msimamizi wake. Nitajengewa nyumba ya mawe. Na Mama hataguswa. Nyumba yake itabaki pale pale hadi Mungu atakapomchukua.

"Peke yake, katikati ya kondoo."

"Pamoja nawe."

"Ungekuwa mtu mwingine ningekuvunja taya."

"Livunje." Akasogea karibu, mikono nyuma, kidevu juu. Hakuwa anatania.

Sikuweza. Misri, macho yangu yote mawili yalipojaa usaha na kufumba, jeshi liliwaacha vipofu hemani na kusonga mbele. Yeye alirudi. Alishuka farasi wake, akafunga ncha moja ya mshipi wake mkononi mwangu na nyingine mkononi mwake, akaniongoza siku tatu kwa miguu jangwani. Kanali mzima, akiita: "Jiwe. Shimo. Inua mguu." Mtu kama huyo unampigaje?

Nikaokota mundu, nikatoka bila kupiga saluti. Nimekata shayiri hadi viganja vikachubuka, na kila shina nililishika kama shingo.

5 Septemba, Jumapili

Sikumwambia mtu.

8 Septemba

Sikumwambia mtu. Oighrig ameniletea siagi.

11 Septemba

Nimemwambia Murchadh. Akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Wiki nzima, Sajini. Wiki nzima umetuacha tuezeke mapaa." Akaniacha shambani nimesimama.

12 Septemba, Jumapili

Nimewaambia wote, nje ya kanisa. Sikupanda juu ya jiwe.

Hawakupiga kelele. Ningependa wapige. Mzee mmoja aliniuliza kama nina hakika nilisikia vizuri, kwa kuwa masikio ya askari huharibiwa na mizinga. Mama alisema mbele ya watu wote, "Muongo. Mtoto niliyemlaza kifuani hawezi." Njia nzima ya kurudi hakunisemesha.

16 Septemba

Mvua. Miganda imelowa. Mama bado hanisemeshi.

20 Septemba

Habari kutoka nyumba kubwa: kwa kuwa nimekataa kazi ya msimamizi, atakuja tarishi wa mahakama kutoka Inverness na hati za kuhama, moja kwa kila nyumba. Kasisi amethibitisha. Mama alisikia kutoka kwa kasisi, si kwangu, kwa hiyo ameamini. Aliketi akachambua sufu siku nzima.

Tuliorudi kutoka vitani tumekutana kwenye ghala la Murchadh. Njia ya kuingia bondeni ni moja, nayo inapita kwenye daraja la mbao. Hati isiyofika mlangoni haina nguvu. Basi haitafika. Hakuna silaha, hakuna ngumi, tutasimama tu. Tumesimama mbele ya wapanda farasi wa Kifaransa, tutashindwa na karani mwenye mkoba?

Nilirudi nyumbani nikiimba. Ni aibu kuandika, lakini nilikuwa na furaha.

28 Septemba

Nitaandika yote, kisha nisiyasome tena.

Tulikuwa ishirini na sita darajani tangu mapambazuko, safu mbili, bega kwa bega. Watatu ni wagonjwa. Murchadh alivaa koti lake jekundu. "Linanuka Misri," akasema, "acha limnukie tarishi." Nyuma yetu walisimama wanawake, Oighrig mbele yao, Mama pembeni amejifunika shali.

Tarishi alifika na wasaidizi wawili. Mtu mfupi, mafua yamembana.

"Nipisheni kwa jina la sheria."

"Lisikie hilo daraja," Murchadh akasema. "Limeoza. Haliwezi kubeba sheria nzito namna hiyo."

Wanawake wakaangua kicheko. Tarishi akajaribu kupita kulia, safu ikasogea kulia. Akajaribu kushoto, tukasogea kushoto. Hatukumgusa. Alikuwa karibu kutoa machozi, maskini. Alirudi nyuma akaketi juu ya jiwe, akapenga kamasi. Nikajiambia: tumeshinda.

Ndipo Eachann akaja na farasi wake, peke yake, bila upanga. Akasimama hatua ishirini mbele yetu. Alitutazama mmoja mmoja, na najua alimjua kila mtu kwa jina lake na kwa jeraha lake. Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi siku nane.

Hakunipa nafasi ya kuyasema. Alinyoosha mgongo na kutoa ile sauti.

"Kombania! Mguu... sawa!"

Visigino ishirini na sita vikagonga mbao kwa mlio mmoja.

"Hatua mbili nyuma! Safu, tenga! Tembea!"

Tukatembea. Moja, mbili. Nusu ya kulia ikaenda kulia, nusu ya kushoto ikaenda kushoto, vizuri kabisa, kama siku ya ukaguzi wa mfalme. Njia ikafunguka katikati yetu. Mimi ndiye kigezo cha safu, wote hunitazama mimi kujipanga. Mimi ndiye niliyetangulia. Miguu yangu ilitii na moyo ukabaki umesimama palepale darajani, ukishangaa miguu imekwenda wapi.

Tarishi alipita akikimbia, mkoba kifuani. Wanawake walijaribu kumzuia, lakini walikuwa wametegemea sisi tungekuwa mbele. Kufikia adhuhuri kila mlango, isipokuwa wa Mama, ulikuwa na hati.

Oighrig alinijia. Hakunitemea mate. Alisema polepole, "Kumbe hicho ndicho mlichomfundisha Ailean."

Nilimtazama Eachann. Laiti angekuwa anacheka! Alikuwa mweupe kama maziwa yaliyoganda, akimshika farasi shingo. Aligeuza, akaondoka taratibu.

Miaka minane tumemlisha mtu huyu miili yetu, naye akahifadhi sauti moja kwa ajili ya siku hii. Namchukia. Namchukia jinsi alivyojua kwamba ingefanya kazi. Na mimi nilijua pia. Ndiyo maana nilitaka kusema kwanza.

29 Septemba

Murchadh amelichoma koti lake. Limetoa moshi mbaya.

2 Oktoba

Mvua siku ya tatu. Shayiri inachipua kwenye miganda. Tunavuna chakula cha nani?

5 Oktoba

Hati ya Mama imekuja kwa mkono wa mtumishi wa nyumba kubwa, na lakiri nyekundu. Beathag, mlezi wa mkuu wa ukoo, atabaki katika nyumba yake maisha yake yote. Nimemsomea mara mbili. Akaomba nimsomee mara ya tatu, polepole.

"Na Oighrig?"

"Oighrig ana hati kama wengine."

Akaikunja, akaitia kifuani.

"Visugue viatu vyangu," akasema. "Kesho kutwa tunakwenda kwa Eachann."

7 Oktoba

Ni maili nne hadi nyumba kubwa. Mama ana miaka sitini na sita na alikataa farasi wa Murchadh. Njiani nilimwomba Mungu, kwa maneno haya haya, amwekee mama yangu laana kali mdomoni. Laana ya mlezi haipiti mtu pembeni. Nilitaka kumwona Eachann akiipokea.

Laidlaw alikuwepo, ramani imefunika meza. Mama hakumtazama, aliiweka hati juu ya ramani.

"Futa jina langu."

Eachann alikuwa amesimama tangu Mama alipoingia. "Mama, nimeandika hii kwa ajili yako."

"Sikukuomba. Futa, uandike Oighrig."

"Oighrig si—"

"Si nini? Mimi nilikupa maziwa tu. Yeye alikupa mwana."

Laidlaw alikohoa, akasema kwamba nyumba ile imepangiwa mchunga kondoo wake baadaye, na kwamba makubaliano yalikuwa—

"Nyamaza, Laidlaw," Eachann akasema bila kugeuka. Kisha kwa Mama: "Nikimwandika yeye, wewe utakwenda wapi?"

"Waendako watu. Wanasema ng'ambo ya bahari kuna miti mpaka mtu anachoka. Pwani kwako siendi."

"Utafia melini."

"Basi nitafia kati ya watu. Wewe utaishi kati ya kondoo. Tuone nani atapata wa kumlilia."

Aliandika. Wino ulimwagikia kidole na hakuufuta. Aliposhika mkono wa Mama, nilijua: sasa. Sasa anamlaani. Mama alimwekea tu kola yake sawa, iliyokuwa imekunjika upande mmoja, akatoka.

Sikuweza kujizuia. Hatukuwa tumefika hata kwenye lango.

"Mbona hukumlaani? Mbona? Amewauza watu wote, na wewe unamnyoosha kola!"

"Usinipigie kelele, Dughall."

"Ningekuwa mimi—"

"Ungekuwa wewe ungerudi hatua mbili nyuma."

Nilistahili. Tulitembea hadi mtoni, kisha Mama akasimama apumzike.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila siku nimewaambia wenzangu hivyo, nikijisifu. Aliondoka kwangu na miaka saba akiwa hawezi kula kabla hajamgawia mbwa. Sasa nijisifu kwa lipi? Wewe una hasira, mwanangu, na hasira hupoa. Mimi nina aibu."

Sijui kama hasira hupoa. Yangu haijapoa hata kidogo.

10 Oktoba, Jumapili

Kasisi amehubiri kwamba Mungu anatuhamisha kwa sababu ya dhambi zetu. Murchadh akasimama katikati ya mahubiri, akauliza kwa sauti, "Zipi, Kasisi? Taja moja. Taja ya Ailean." Akatoka. Nikatoka naye. Wakatoka kumi na wawili.

14 Oktoba

Oighrig alikataa hati mara mbili, kisha akaichukua. Meli hawezi kupanda, amesema. Chochote kinachoelea kinamkumbusha mashua aliyofia Ailean. Mumewe amezikwa hapa. Atabaki.

"Ulinidanganya uliposema aliniita?" akaniuliza mlangoni.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua." Hakufunga mlango, lakini hakunikaribisha ndani pia.

22 Oktoba

Theluji ya kwanza vileleni. Viazi ni vizuri mwaka huu, kana kwamba vinatukejeli.

31 Oktoba, Jumapili

Wakala wa meli ameomba orodha ya watakaosafiri Mei kwenda Nova Scotia. Mimi ndiye nitakayeiandika, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Nilitaka kukataa. Murchadh akasema, "Ulituandika kwenda kufa, Sajini. Sasa tuandike kwenda kuishi." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

11 Novemba, Alhamisi

Majina mia moja na themanini na nne. Nilimalizia la Mama, kisha langu.

Nilikuwa shambani nachimba viazi vya mwisho, Eachann akaja kwa miguu. Mvua ya mawe ilikuwa inaanza. Hakuwa na kofia wala koti zito, shati na kizibao tu, nywele zimeganda usoni.

"Nimesikia umejiandika."

"Ndiyo."

"Vita vitarudi, Dughall. Kila mtu London anasema hivyo. Watanipa kikosi kipya. Bila wewe sijui nitawapangaje."

Niliendelea kuchimba.

"Sikuja kukuomba kikosini," akasema. "Sijui kwa nini nimesema hivyo. Nimekuja kusema siku ile darajani nilitapika, nilipofika kwenye msitu. Nilitaka ujue."

"Hati zilifika, lakini."

"Zilifika."

"Basi umenieleza kuhusu tumbo lako."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea taarifa. Kisha akanyoosha mkono, ule ule wa Misri. Niliutazama. Mimi najua kuutambua mkono huo hata nikiwa kipofu. Nikainama nikaokota kiazi, nikakitia kikapuni, na kingine, na kingine, hadi niliposikia viatu vyake vikiondoka juu ya barafu.

Nilifikiri ningejisikia kama mtu aliyeshinda. Nimechimba hadi nikamaliza mstari wote.

Mama alikuwa amemwona kutoka dirishani, kwa mbali.

"Alikuwa Eachann?"

"Ndiye."

"Katika mvua hii! Alivaa koti zito?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Alivaa."